Historia ya Wafalme wa Usambara Darasani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanatoka kwa walimu wa historia wa sekondari mkoani Tanga, wanafunzi wa klabu za historia, na wazazi wanaotaka kujua kwa nini mtoto amerudi nyumbani anauliza habari za babu wa babu yake. Mengi yanarudi kila muhula. Yamepewa namba ili jibu lililokwisha kutolewa lisirudiwe. Palipo na uhusiano, namba imetajwa.

## Mambo ya msingi

1. Mnaposema "ufalme wa Usambara" mna maana ipi hasa?

Ni dola iliyotawaliwa na ukoo wa Wakilindi kutoka mji wa Vugha, katika milima ya Usambara Magharibi. Simulizi zinamtaja Mbegha, mwindaji kutoka Unguu, kuwa mwanzilishi wake katika karne ya 18. Baada yake alitawala mwanawe Bughe, akafuata Shebughe aliyefia vitani, kisha Kimweri ye Nyumbai aliyeitawala nchi kwa miongo mingi hadi alipofariki mwaka 1862. Mfalme aliitwa Simba Mwene.

Wakati wa Kimweri mamlaka ya Vugha yalishuka kutoka milimani, yakapita Bondei hadi pwani. Tanga na Pangani zilikuwa na wakubwa waliotazama pande mbili: Vugha upande mmoja, Sultani wa Zanzibar upande mwingine. Kwa hiyo hata mwanafunzi wa Ngamiani au Chumbageni, Tanga mjini, anaposoma habari za Vugha anasoma historia ya mji wake.

2. Kitabu cha kiada kina Buganda, Karagwe na Zimbabwe Kuu. Kwa nini tuhangaike na Usambara?

Kwa sababu mwanafunzi anaweza kuifikia. Ukimwambia ataje sababu za kukua kwa dola za Afrika, atakukaririshia: chuma, biashara, ardhi yenye rutuba, uongozi bora. Hajui hata moja ya sababu hizo inafananaje. Akiuona mlima wenyewe, akahesabu mazao yanayoota juu na yasiyoota bondeni, akamsikiliza mzee akieleza nani alimpa nani mke na kwa nini, basi "uongozi bora" unaacha kuwa maneno ya kujazia karatasi.

Sisemi Buganda iachwe. Fundisheni Usambara kwanza, kisha muulizeni Buganda maswali yaleyale.

3. Je, Mbegha alikuwepo kweli, au ni hekaya?

Hili huulizwa na wanafunzi kuliko swali lingine lolote, na huulizwa wakitaka jibu la ndiyo au hapana. Wapeni kazi badala ya jibu.

Simulizi inasema Mbegha alikuwa kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, na ndugu zake wakamnyima urithi. Akaondoka, akakaa Kilindi, na huko mtoto wa mtawala akafa katika uwindaji waliokwenda pamoja. Akakimbia tena. Akaingia milima ya Usambara na mbwa wake, akiua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba. Nyama aliwapa wenyeji, nao wakampa vyakula vya shambani. Akaamua kesi zao, akaua simba, akapewa wake kutoka koo mbalimbali, mwishowe akawa mfalme Vugha.

Sasa waulizeni: katika habari hii, kipi ni cha mtu mmoja na kipi ni cha jamii nzima? Kuwapo kwa ukoo wa Wakilindi, mji wa Vugha na watawala waliofuata hakuna anayekubishia. Kufukuzwa kwa sababu ya meno, kuua simba usiku ule ule wa kuingia mjini, hayo ni mambo ambayo simulizi ya kifalme inayahitaji ili ieleze kwa nini mgeni alistahili kutawala wenyeji. Tazameni pia kubadilishana nyama na chakula cha shamba: mwindaji na mkulima wanahitajiana, na hapo ndipo siasa inapoanza. Mwanafunzi akigundua hilo mwenyewe, swali la "alikuwepo kweli?" linageuka kuwa "wasimulizi walitaka tuelewe nini?", na hapo amekuwa mwanahistoria.

4. Nina kipindi kimoja cha dakika 40. Nianzie wapi?

Anzieni na koo na ndoa. Chora ubaoni Mbegha katikati, na koo za wenyeji zimemzunguka, kila moja ikimpa mke. Kisha uliza: mtoto atakayezaliwa, wajomba zake ni nani? Darasa lote linajua mjomba ni nani katika maisha ya mtu, halihitaji kufundishwa. Watoto wa Mbegha walikuwa Wakilindi kwa baba, lakini kila mmoja alikuwa mpwa wa wenyeji wa mahali fulani. Mzunguko huo mmoja unaeleza jinsi mgeni alivyopata mizizi, na kwa nini baadaye Kimweri aliweza kuwaweka wanawe kuwa watawala sehemu mbalimbali za nchi.

Acha tarehe zisubiri kipindi cha pili.

5. Kimweri alifanya nini hasa hata akumbukwe hivyo?

Aliipanua nchi na akadumu. Alituma wanawe kutawala wilaya, lakini Vugha kwenyewe alizungukwa na washauri ambao hawakuwa Wakilindi, mkubwa wao akiitwa Mlughu. Huu ni mpango wa kufikirisha sana: watoto wa mfalme wanaweza kudai kiti, mshauri asiye wa ukoo hawezi. Waulizeni wanafunzi kwa nini mtawala amwamini zaidi mtu asiyeweza kumrithi.

Kodi ilikwenda Vugha, kesi kubwa zilikwenda Vugha, na mvua, kwa imani ya watu, ilitoka Vugha (tazama swali la 13). Aliwapokea pia wageni wa Ulaya, nao wameacha maandishi (swali la 6).

## Vyanzo na ushahidi

6. Tutapata wapi maandishi ya kusoma na wanafunzi?

Chanzo kikubwa ni *Habari za Wakilindi* cha Abdallah bin Hemedi bin Ali l'Ajjemy, kilichoandikwa kwa Kiswahili na kuanza kuchapishwa mwishoni mwa karne ya 19. Toleo la 1962 ndilo lililoenea zaidi, na ni vizuri kuuliza katika maktaba za vyuo na kwa walimu waliostaafu. Kiswahili chake ni cha zamani; wanafunzi wa kidato cha tatu wanakimudu kwa kurasa mbili tatu mkisoma kwa sauti.

Kisomeni mkijua nani anaongea. Mwandishi aliishi karibu na Semboja, mmoja wa wahusika wakubwa wa vita vya urithi vilivyofuata kifo cha Kimweri (swali la 9). Aliona mengi kwa macho yake, na aliyaona akiwa amesimama upande mmoja.

Upande wa wageni, mmisionari Ludwig Krapf alifika mwaka 1848 na tena 1852, na wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke walifika mwaka 1857, Kimweri akiwa mzee. Wote waliandika jina la mji "Fuga", kwa hiyo mkitafuta mtandaoni tumieni na tahajia hiyo. Wageni hawa walikaa muda mfupi, wakitegemea wakalimani, na kila mmoja alikuwa na shughuli yake: Krapf akitafuta kibali cha kuhubiri, Burton akiandalia wasomaji wa Uingereza kitabu. Zoezi zuri ni kuchukua jambo moja, kwa mfano uwezo wa mfalme juu ya mali za watu, na kuweka maelezo ya mgeni kando ya maelezo ya Abdallah bin Hemedi.

7. Wazee wawili wametupa habari zinazopingana. Tuandike ipi?

Andikeni zote mbili, na pembeni ya kila moja andikeni msimulizi ni wa ukoo gani, kijiji gani, na aliisikia kwa nani. Mzee wa ukoo wa Wakilindi, mzee wa ukoo uliokuwapo kabla ya Mbegha, na mzee wa Bondei hawawezi kukumbuka jambo moja kwa namna moja. Babu zao hawakusimama mahali pamoja.

Msiwapatanishe. Nimeona madaftari ya wanafunzi ambamo habari mbili nzuri zimechanganywa zikawa moja isiyo ya mtu yeyote.

8. Tunakwendaje kwa wazee? Wanafunzi wana aibu.

Wawe watatu au wanne, si darasa zima. Mwalimu apite kwanza kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji, ajieleze, kisha apelekwe kwa mzee na mtu anayefahamika. Siku ya mazungumzo mtoto aamkie, "Shikamoo babu" au "Shikamoo bibi", ajitambulishe kwa jina na kwao ni wapi, asitoe daftari kabla hajakaribishwa kuketi. Sukari na majani ya chai vinatosha kuwa zawadi. Simu ya kurekodi iwekwe wazi baada ya kuombwa ruhusa, na mzee akisema jambo fulani lisirekodiwe, izimwe akiwa anaona.

Swali la kwanza lisiwe "Tueleze historia ya Wasambaa." Hakuna anayeweza kujibu hilo. Ulizeni: "Bibi, ulipokuwa msichana, matuta mlilimaje?" Katika miaka ya 1950 serikali ya Mwingereza iliwalazimisha wakulima wa Usambara kulima kwa matuta ili kuzuia mmomonyoko, na watawala wa Kikilindi ndio waliotumwa kuisimamia amri hiyo. Watu walipinga kwa nguvu. Wazee wenye miaka themanini na zaidi walikuwa watoto wakati huo, wengine walibebeshwa jembe. Ukianzia hapo unapata ushuhuda wa aliyeona, na kutoka kwenye matuta mazungumzo yatapanda yenyewe hadi kwa Kimweri.

## Igizo na mdahalo

9. Tulifanya igizo la wafalme, likawa kelele na kucheka tu. Tufanye nini tofauti?

Mara nyingi shida ni kwamba igizo limeandikwa lote, na mfalme ndiye mwenye maneno. Wengine arobaini wanapiga vigelegele. Jaribuni kikao kisichojua mwisho wake.

Ninaopenda kuliko yote ni mgogoro wa 1862. Kimweri amefariki. Mwanawe Mshuza, aliyekuwa Bumbuli, mahali pa mrithi, alitangulia kufa. Mtoto wa Mshuza, Shekulwavu, kijana, ndiye anayeingia Vugha. Lakini yuko baba yake mdogo, Semboja, anayekaa Mazinde, chini kabisa ya mlima, kando ya njia ya misafara. Huko kuna bunduki, baruti, nguo, na watu wa pwani anaowafahamu. Nani afuatwe?

Gaweni darasa makundi matano: washauri wa Vugha, watu wa Bumbuli, Wabondei, wafanyabiashara wa Pangani, na wakulima wa kijiji kisicho na jina. Kila kundi lipewe kipande cha karatasi chenye yale tu ambayo watu wale wangeyajua. Wafanyabiashara hawajui siri za kuapishwa mfalme. Washauri wa Vugha hawajui bei ya baruti. Kisha kila kundi liamue litamuunga nani, na litoe sababu. Ruhusuni makundi kutumiana wajumbe. Mwalimu anyamaze.

Wakishaamua ndipo waambieni yaliyotokea: Semboja alimshinda Shekulwavu, Vugha ikachomwa, na mtoto wa Semboja akawekwa kuwa mfalme huku baba akibaki Mazinde. Wabondei mnamo 1869 waliinuka na kuwaondoa Wakilindi nchini mwao, vita vinavyokumbukwa kwa jina la Kiva. Swali la kuwaachia: kwa nini mshindi hakuhamia Vugha? Wanafunzi waliokaa kundi la wafanyabiashara hulijibu haraka. Nguvu ilikuwa imeshuka kutoka mlimani hadi barabarani.

Zoezi hili linahitaji vipindi viwili mfululizo. Mwombeni mwalimu wa taaluma.

10. Wasichana wafanye nini? Wafalme wote ni wanaume.

Wafalme ndiyo, lakini ufalme si wa mfalme peke yake. Bughe alirithi kwa sababu ya nafasi ya mama yake wa Bumbuli. Simulizi zinamtaja Mboza, binti wa Mbegha, aliyekosana na nduguze na kuhamia Mshihwi, ambako tawi la Wakilindi lilijitawala. Katika mapambano ya matuta wanawake walikuwa mstari wa mbele, maana jembe lilikuwa mikononi mwao. Msichana asipewe nafasi ya malkia aliyeketi kimya. Apewe kesi ya kutetea.

11. Mavazi tukodi?

Hapana. Ngozi ya chui ya kukodi na taji la karatasi ya dhahabu vinamfanya mwanafunzi aigize sinema. Kaniki au shuka, kigoda, na fimbo vinatosha.

## Safari za mafunzo

12. Vugha kuna nini cha kuona? Na sisi tulio Tanga mjini tusio na nauli ya mlimani?

Msitarajie kasri la mawe. Mji wa Vugha ulijengwa kwa miti, udongo na nyasi. Kinachoonekana ni mahali penyewe, na mahali ni ushahidi. Pandeni kwa barabara ya Mombo kwenda Soni, na kabla ya kupanda simameni Mazinde, iliyo kwenye barabara kuu. Wanafunzi wapaone kwanza bondeni, joto, tambarare, njia ya misafara ambayo baadaye ilifuatwa na reli ya Tanga iliyofika Mombo mwaka 1905. Kisha wapande wahisi baridi, waone migomba na chemchemi. Waliofanya zoezi la swali la 9 huelewa mgogoro wote wakiwa ndani ya Coaster. Makaburi ya watawala msiyakaribie wala kuyapiga picha bila ruhusa ya wenyewe.

Walio mjini wana Tongoni, kusini mwa jiji, penye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ya enzi za miji ya Waswahili. Mwaka 1498 meli moja ya msafara wa Vasco da Gama ilikwama karibu na hapo. Watawala waliozikwa Tongoni hawakuwa Wakilindi, na ndiyo maana panafaa: mwanafunzi ajiulize mkubwa wa pwani alijionyeshaje ukubwa kwa mawe na vyombo vya kauri, ilhali mkubwa wa mlimani alizikwa kwa siri. Ndani ya jiji, Makumbusho ya Urithi katika Boma la zamani la Wajerumani yanafikika kwa miguu kutoka shule nyingi.

## Maswali magumu

13. Wazazi wamelalamika kwamba tunafundisha uganga wa mvua. Tujibu nini?

Wajibuni kwa heshima na kwa uwazi: tunafundisha watu wa wakati ule waliamini nini na imani hiyo ilifanya kazi gani katika siasa, hatumfundishi mtoto aamini. Wasambaa walisema mtawala anaweza *kuzifya shi*, kuiponya nchi, au *kubana shi*, kuiharibu. Palipo na mfalme mmoja mwenye nguvu, mvua inanyesha na nchi inapona. Watawala wanaposhindana, nguvu kwa nguvu, nchi inaumia. Hii ilikuwa njia ya wakulima kumpima mtawala wao: njaa ikija, yeye anaulizwa. Mzazi Mwislamu au Mkristo akielezwa hivyo, kwa kawaida huanza mwenyewe kukumbuka aliyoyasikia kwa bibi yake.

Ibada zenyewe zisiigizwe. Hilo ni la kuheshimu pande zote mbili.

14. Utumwa tuuguse?

Ndiyo, na msiupitie kwa haraka. Vita vya baada ya 1862 vilizalisha mateka, na mateka waliuzwa Pangani na Tanga. Watawala waliuza hata watu wao wenyewe. Wabondei hawakuinuka bure. Mwanafunzi akifundishwa kwamba utumwa ulifanywa na wageni peke yao, siku atakapokisoma chanzo chenyewe atadhani mwalimu alimficha.

Msiigize mnada wa watumwa. Hata mara moja. Darasani mna watoto ambao nyumbani kwao bado kuna minong'ono ya nani alitoka wapi. Tumieni maandishi na mazungumzo.

15. Mwanafunzi wetu ni wa ukoo wa Wakilindi, na wenzake wamempachika jina "Mfalme". Wengine wanamlaumu kwa yaliyotokea.

Zuieni yote mawili siku hiyohiyo. Mtoto hakumuuza mtu wala hakumponya mtu. Asilazimishwe kuusemea ukoo wake mbele ya darasa. Akipenda kuleta habari za nyumbani, zipokelewe kama za msimulizi mwingine yeyote, kwa utaratibu wa swali la 7. Vivyo hivyo, mtoto anayesikia habari za kigego na akajua kwamba aliambiwa hivyo utotoni aelezwe mapema, faraghani, kwamba Mbegha mwenyewe alikataliwa kwa sababu hiyo.

16. Je, ufalme ulikufa lini? Bado yuko mfalme?

Tarehe moja haitoshi. Mwaka 1895, mwaka aliofariki Semboja, Wajerumani walimnyonga Mputa, mtawala wa Vugha, wakamweka Kinyashi. Waingereza wakaufufua utawala wa Wakilindi katika miaka ya 1920 kwa matumizi yao, kukusanya kodi na kusimamia amri, ndiyo hiyo iliyoleta ugomvi wa matuta. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1963 ilifuta utawala wa machifu Tanganyika nzima. Ukoo upo, heshima katika familia ipo, mamlaka ya serikali hayapo. Wape wanafunzi nyakati hizo tatu wabishane upi ndio mwisho. Kila mmoja una utetezi.

17. Haya yote yatasaidia kwenye mtihani?

Yatasaidia. Swali la dola za kale, la biashara ya misafara, la utawala wa kikoloni, la upinzani wa wakulima, yote mwanafunzi anaweza kuyatolea mfano wa Usambara wenye majina na miaka. Katika Historia ya Tanzania na Maadili anaandika kwa Kiswahili, kwa hiyo hana kizuizi. Kwenye somo la Historia linalotahiniwa kwa Kiingereza, mazungumzo na usaili vifanyike kwa Kiswahili au Kisambaa, kisha kipindi kizima kitengwe cha kuandika aya tano kwa Kiingereza kutokana na daftari lake. Msiruke hatua ya kwanza kwa kuogopa mtihani. Mwanafunzi asiyekuwa na la kusema kwa Kiswahili hawezi kuwa nalo kwa Kiingereza.

18. Wanafunzi wetu wengi si Wasambaa. Wanatoka Kilimanjaro, Iringa, Mtwara, wako bweni tu hapa.

Waacheni wafanye kazi ya Usambara pamoja na wenzao hadi watakapoijua njia: koo na ndoa, vyanzo viwili kando kando, wazee wenye habari zinazopingana. Likizo ya Desemba kila mmoja aende kwao na maswali yaleyale ya swali la 8, akibadilisha la matuta kwa jambo ambalo bibi yake aliliona. Januari mtakuwa na madaftari ya Wachaga, Wahehe na Wamakonde mezani, na kundi moja la Wasambaa litakaloanza kuuliza kwa nini kwa Wamakonde hakukuwa na mfalme hata mmoja.